Kabla ya Kubadili Kiti, Itazame Sakafu

Leo ukumbi huu ni wa wale wenzetu wenye ugonjwa ambao daktari hana dawa yake: kupenda magari ya zamani ya spoti. Hata kama wewe si mmoja wao, usifunge ukurasa. Huenda mumeo, kakako ama mwanao ndiye mgonjwa, na kile kiti cha pili cha gari hilo ndicho unachokalia wewe kila mnapotoka.

Tuseme mzee wako amekuachia Datsun 240Z. Hiyo si mali ya kuchezewa. Gari hili lilizinduliwa na Nissan ya Japani mwaka wa 1969, na lile lililouzwa ng'ambo likatiwa injini ya silinda sita ya lita 2.4. Hapa kwetu lilijipatia jina mwaka wa 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walipolitumia kushinda mbio za Safari. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Wazee waliosimama kando ya barabara siku hizo za Pasaka hawajasahau mlio wake.

Lakini sasa viti vyake vimechoka. Sponji imegeuka unga, ngozi bandia imepasuka, na kila unapopita tuta unadungwa mgongoni. Umetembea Kirinyaga Road, Nairobi, ukaona viti viwili vya spoti, vyekundu, vyenye mbavu zilizopindwa ili kukukumbatia kwenye kona. Bei mmeelewana. Fundi amekwambia ni kazi ya asubuhi moja tu: kutoa bolti nne, kutia bolti nne.

Ngoja kwanza. Usilipe bado.

Kiti cha gari si samani. Sofa ya sebuleni ukiibadilisha, kosa kubwa unaloweza kufanya ni rangi isiyopatana na pazia. Kiti cha gari ni kifaa cha kukuokoa, sawa na breki na mkanda, na nguvu yake haiko katika kitambaa wala jina lililoshonwa mgongoni. Nguvu yake iko chini, mahali ambapo macho hayafiki.

Hebu tupige hesabu ndogo ya shule. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mjini, likigonga ukuta na mwili wa aliyemo ukasimama katika nafasi ya nusu mita, mwili huo hulemewa na nguvu inayokaribia mara 20 ya uzani wake. Mtu wa kilo 75 anakuwa kama mzigo wa tani moja na nusu, unaorushwa mbele kwa kufumba na kufumbua. Kiti chenyewe, kikiwa cha kilo 15, kinavuta kama kilo 300. Ndiyo sababu kanuni ya Marekani kuhusu viti vya magari inataka kiti kistahimili nguvu ya mara 20 ya uzani wake bila kung'oka.

Isitoshe, katika magari mengine kile kifungo cha kuchomekea ulimi wa mkanda hakikufungwa kwenye sakafu bali kwenye kiti. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1989, ni mfano mzuri. Ukiking'oa kiti chake umeng'oa na kifungo cha mkanda. Kwa hivyo ajali ikitokea, bolti za kiti hicho hazishikilii kiti peke yake. Zinashikilia pia sehemu ya ile tani moja na nusu ambayo ni wewe. Basi jiulize: bolti hizo nne zimeshika nini?

Zimeshika bati. Magari haya hayana fremu nzito chini kama lori. Sakafu, kuta na paa vimeungwa pamoja vikawa mwili mmoja, na sakafu hiyo si nene. Katika 240Z viti hukaa juu ya vishikizo vya chuma vilivyochomelewa sakafuni kiwandani. Kiwanda kilipoviweka kilijua mzigo utapita wapi. Lakini 240Z ya mwisho ilitoka mwaka wa 1973, na sasa umri wake umepita miaka 50. Maji ya mvua yamepenya, yamekaa chini ya zulia mwaka baada ya mwaka, na kutu imekula polepole. Wote wanaoyajua magari haya watakwambia kwamba adui yake mkubwa ni kutu.

Kwa hivyo, msomaji, kazi ya kwanza ya kubadili kiti haihusu kiti. Toa viti vya zamani, toa zulia lote, kisha lala chini ya gari na tochi. Chukua bisibisi, gonga taratibu kuzunguka kila kishikizo. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati lililooza husema kwa sauti ya kuziba, na wakati mwingine bisibisi inapenya kabisa. Ikipenya, hapo hapatiwi kiraka cha faiba wala kupakwa rangi nyeusi. Hapo panakatwa hadi kwenye chuma kizima, kisha panachomelewa bati jipya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ni kitanda cha hospitali.

Tuseme sakafu ni nzima. Mtego wa pili uko hapa. Kiti kipya aghalabu hakilingani na vishikizo vya zamani. Matundu yake hayaoani, au kikifungwa juu yake kichwa chako kinagusa paa. Fundi mwenye haraka atakata vile vishikizo vya kiwandani, atatoboa matundu manne katika sakafu tupu, atapitisha bolti na kuikaza kwa nati na kijisahani kidogo cha chuma. Kwa macho, kiti kimekaa imara. Utakitikisa kwa mikono na hakitacheza. Lakini mkono wako hauna nguvu ya kilo 300, seuze tani moja na nusu. Siku ya kugongana, bolti haitakatika. Itatoka pamoja na kipande cha bati, kama kifungo kinavyong'oka na kitambaa kwenye shati kuukuu.

Dawa yake inajulikana, na haina siri. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, katika kanuni zake za mbio, linataka kiti kiwe na angalau sehemu nne za kufungiwa, bolti zisiwe nyembamba kuliko milimita 8, na chini ya sakafu kuwe na kibati cha kuegemea. Kibati hicho, kikiwa cha chuma cha pua ama cha kawaida, kisipungue unene wa milimita 3, na mahali kinapogusana na mwili wa gari pasipungue sentimita 40 za mraba kwa kila bolti. Kipande cha sentimita 8 kwa 5 kinatosheleza kipimo hicho. Fundi yeyote wa jua kali anaweza kukikata kwa dakika chache. Mwambie azungushe pembe zake zisiwe kali, akipake rangi dhidi ya kutu, na akiweke upande wa chini wa sakafu, ili mzigo usambae badala ya kukaa katika tundu moja. Wewe huendi kwenye mbio, lakini ukuta wa barabarani hauulizi kama ulikuwa mashindanoni au ulikuwa unakwenda kanisani.

Bolti nazo zina majina yao. Tazama kichwani. Bolti ya kazi hii iwe imeandikwa 8.8 au 10.9, na namba hizo zinaeleza uimara wa chuma chake. Isiyo na namba yoyote irudishe kwa seremala akafungie vitanda. Kama bolti za kiwandani bado ni nzima na zinaingia sawasawa, zitumie hizo. Usikubali kiti kiinuliwe kwa vipande virefu vya bomba au kwa msururu wa visahani vilivyopangwa kama sarafu, kwa maana kadiri bolti inavyosimama juu ndivyo inavyopindwa kwa urahisi. Nunua au utengenezewe miguu ya chuma inayolingana na gari hilo na kiti hicho. Watengenezaji wengi wa viti vya spoti huuza miguu ya magari yanayojulikana, na pesa zake si hasara.

Reli za kusogezea kiti mbele na nyuma pia zina siri yake. Zipo zinazojifunga upande mmoja tu, na zipo zinazojifunga pande zote mbili. Chagua zile za pili. Reli ya kufuli moja hukiacha kiti kijipinde upande wakati wa kishindo. Kila unapokisogeza kiti, kitikise mpaka usikie pande zote mbili zimelia.

Haya, tuje kwenye vipimo, maana wengi hununua kwa macho. Gari la spoti ni jembamba. Upande mmoja kuna mlango na kizingiti chake, upande wa pili kuna lile tuta la katikati linalofunika gia. Pima upana sehemu tatu: sakafuni, kwenye nyonga, na kwenye mabega mlango ukiwa umefungwa. Kisha pima kiti chenyewe mahali pake penye unene zaidi. Ukiweza, kata boksi la kadibodi kwa umbo la kiti na uliweke ndani ya gari kabla ya kutoa hata shilingi moja. Angalia kama mbavu za kiti zitazuia breki ya mkono, au zitaficha kifungo cha mkanda usiweze kukifikia.

Baada ya hapo keti, na ujifanyie mitihani mitatu. Kwanza, kanyaga klachi hadi mwisho. Goti lako libaki limekunjika kidogo. Pili, mabega yakiwa yameegemea kiti, nyosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono kikae juu kabisa ya usukani. Tatu, kati ya kichwa na paa pawe na nafasi ya ngumi moja. Ukishindwa mtihani mmoja, kiti hicho si chako hata kama ni kizuri namna gani. Na usisahau kiegemeo cha kichwa. Viti vingine vya zamani vya spoti vina mgongo mfupi unaoishia mabegani. Ukigongwa kutoka nyuma, kichwa hurudi nyuma ghafla na shingo ndiyo inayolipa.

Sasa mkanda. Tangu Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa zile kanuni za waziri wa wakati huo, marehemu John Michuki, Mkenya amejifunza kufunga mkanda. Lakini kuufunga ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni unapopita. Sehemu ya chini ya mkanda inapaswa kulala juu ya mifupa ya nyonga, sio juu ya tumbo. Mbavu ndefu za kiti cha spoti zinaweza kuuinua mkanda ukaelea hewani, ukaja kukaza tumboni, penye ini na utumbo. Kiti kinachofaa kina nafasi ya kuupitishia mkanda huo ubavuni. Ukikuta kwamba mkanda wa kawaida wa gari lako hauwezi kukaa vyema na kiti kipya, usitafute mkanda mwingine. Tafuta kiti kingine.

Najua unachotaka kuuliza. Je, ile mikanda ya ncha nne kama ya madereva wa Safari? Inapendeza, ndiyo. Lakini dereva wa mbio amefungwa mikanda hiyo akiwa ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma na kofia ngumu kichwani. Gari likibiringita, kizimba kinalizuia paa. Wewe huna kizimba. Paa likibonyea, mkanda wa kawaida unauacha mwili uiname upande. Mikanda ya ncha nne inakushikilia wima uisubiri. Tena wengi huifunga ile ya mabegani chini kabisa sakafuni nyuma ya kiti. Kishindo kikija, inayavuta mabega kuelekea chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Kanuni za FIA zinasema mikanda ya mabega isiteremke kwa zaidi ya digrii 45 kutoka usawa. Kwa gari la kwenda sokoni na harusini, mkanda wa ncha tatu uliofungwa vizuri unatosha kabisa.

Neno juu ya viti vilivyotumika. Sifa ya kiti cha spoti ni ya zamani. Kampuni ya Recaro ya Ujerumani, iliyotokana na karakana ya Reutter ya mwaka wa 1906, ilionyesha kiti chake cha spoti kwenye maonyesho ya Frankfurt mwaka wa 1965. Lakini kila chenye sifa huigwa, na viti bandia vyenye majina makubwa vipo sokoni. Usinunue jina. Kigeuze kiti, kisugue vumbi, ummulikie tochi mgongo wake. Kama ni cha faiba, tafuta nyufa nyembamba kuzunguka matundu ya bolti. Kama ni cha kulaza, kitikise mgongo. Ukicheza, meno ya ndani yamelika. Kiti cha mbio chenye lebo ya FIA namba 8855-1999 kina mwaka wake wa kutengenezwa, na katika mashindano muda wake ni miaka mitano kutoka hapo. Mara nyingi kinachouzwa kwa bei nafuu ni kile kilichomaliza muda wake, ama kilichowahi kubeba mtu katika ajali. Kiti kilichokwisha kupokea kishindo kimekwisha kufanya kazi yake.

Na tahadhari hii uiweke moyoni: viti vilivyotolewa katika magari mapya huenda vina mfuko wa hewa ubavuni, wenye baruti yake ndani. Aghalabu utaona waya wenye soketi ya manjano chini ya kiti. Usiruhusu mtu akichomelee, akikate wala akichezee kwa betri.

Kabla ya kukata shauri, liulize jambo hili mezani na familia: nani mwingine analiendesha gari hili, na nani analipanda? Kiti kisicholala wala kusogea kinamfaa mtu mmoja mwenye kimo kimoja. Mkeo akitaka kuliendesha atafikia klachi? Mama yako mwenye magoti yanayouma ataweza kuvuka zile mbavu akitoka? Na ikiwa mtoto hupanda humo, kiti chake cha mtoto hakitakaa sawasawa ndani ya kiti chenye mbavu za kumbana mtu mzima. Kiti cha kumfurahisha dereva peke yake kinaweza kuwa hatari kwa abiria.

Yamkini utagundua kwamba hukuhitaji kiti kipya. Wenye Mazda MX-5 walio warefu wamejua hilo kwa miaka mingi: badala ya kununua kiti kingine, hufungua kile cha kiwandani na kupunguza sponji ya chini kwa uangalifu, wakashuka kama sentimita mbili au tatu, na kichwa kikaachana na paa. Katika 240Z, fundi hodari wa viti anaweza kutia sponji mpya, kurekebisha chuma kilicholegea na kushona ngozi bandia inayofanana na ya awali. Kiti kinabaki juu ya vishikizo vyake, bolti kwenye matundu yake, na mkanda unapita pale pale ulipokusudiwa. Mara nyingi gharama ni ndogo kuliko ya viti viwili vipya pamoja na miguu, reli na kuchomelea.

Ukiamua kubadili, basi badili kwa hekima. Usikate kitu cha kiwandani kisichoweza kurudishwa. Viti vya awali vifunge kwa nailoni uvihifadhi pakavu, kwani siku ukitaka kuliuza, mnunuzi wa gari la kale atakuuliza viko wapi. Iarifu kampuni yako ya bima kwamba umebadili viti, isije ikapata kisingizio siku ya dhiki. Na baada ya juma moja la kuendesha, rudi na spana ukazikague bolti zote, kisha uzikague kila gari linapofanyiwa huduma.

Kesho ukienda kwa fundi, usimwulize kwanza kuhusu rangi ya kiti. Mwambie alale nawe chini ya gari akuonyeshe kwa kidole mahali kila bolti itakapotokea na kibati kitakapokaa. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Anayekasirika, mwachie gari lako likiwa na viti vyake vya zamani, umshukuru, uondoke zako.

Hadi Jumapili ijayo, funga mkanda na uende salama.